Kikwembe cha Miavuli

Kila asubuhi, kabla ya saa moja, mimi na Mama Clotilde tunakunja mashuka. Yeye anashika ncha mbili, mimi nashika mbili. Tunarudi nyuma mpaka shuka linyooke, tunalivuta mara moja kwa nguvu, halafu tunasogeleana hadi vidole vyangu vinagusa vyake. Anapokea ncha zangu, mimi nainama kushika mkunjo uliobaki chini, tunarudi nyuma tena. Vidole vyake vimechubuliwa na javeli, dawa ya kung'arishia mashuka, na mwezi wa sita vinakuwa baridi kama bomba. Wakati wa kukunja yeye ndiye anayesema. Mimi nasikiliza.

Jumanne ile alikuwa ananisimulia mambo ya kwaya yao.

"Chef anasema sisi ba alto tunaimbaka na pua. Miye nikamwambia, Papa, na hii baridi ya juin, hata weye ukiimba na kinywa, sauti itapita tu mu pua."

"Na yeye alisema nini?"

"Alipenga kamasi, mwanangu! Mbele ya bantu bote!"

Tulikuwa tumekutana katikati, vidole kwa vidole, mtu akabisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi.

Alikuwa mwanamke aliyenizidi miaka michache tu. Alifunga kitambaa cheusi kichwani, na tumbo lake lilikuwa la miezi minane. Nilimjua kabla hajajitaja.

"Munisamehe, bamama. Miye ni Christiane, mutoto wa Mama Jeanne, ule alikufa vendredi. Tulimuzika jana. Nakuya kufwata kikwembe yake."

"Pole, mama. Pole sana," alisema Mama Clotilde. Aliachilia ncha zake, nami nikabaki nimeshika zangu, shuka likaning'inia mpaka sakafuni. "Kikwembe ya namna gani? Niambie rangi."

"Bleu ya kukolea. Iko na ma-parapluie, miavuli ya kidogo-kidogo, ya mweupe."

"Kama ilifika hapa, basi iko hapa. Kitu ya bantu haipoteaka kwangu."

Hakuwa anajisifu. Katika kliniki yetu, pale Bel-Air, chumba cha kufulia kina rafu moja ndefu ya mbao, na rafu hiyo ni ya vitu vya watu. Mgonjwa anakuja na kikwembe cha kwake, kitenge cha kujifunga, blanketi la kwake, kitambaa cha mtoto. Vyote vilikuwa vikishuka kwa Mama Clotilde pamoja na mashuka ya kliniki, naye ndiye aliyevitenganisha. Alishona uzi kwenye pembe ya kila kimoja, mwekundu kwa wodi ya wanawake, mweusi kwa wanaume, idadi ya mishono ikiwa namba ya kitanda. Alivifua peke yake, akavikunja, akavirudisha. Mtu akifa, alivaa nguo ya kanisani na kupeleka kitu chake mwenyewe mpaka kwenye matanga. Amefanya hivyo miaka kumi na tisa.

Alipitisha mkono juu ya rafu polepole, kikwembe kwa kikwembe. Alifika mwisho. Alianza tena kutoka mwisho kurudi mwanzo.

"Estelle, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Vendredi njo weye ulikuwa ku ambulansi. Uliishusha huku?"

"Sijui, mama," nikasema. "Nitaangalia."

Christiane aliegemea mlango. "Ni njo ile alitubebea sisi yote, batoto sita. Kwetu, siku ya kugawa bilamba, nguo ya marehemu, hiyo inaendaka kwa binti mukubwa. Samedi njo tunagawa. Na miye…" Aliweka mkono juu ya tumbo.

"Utaipata, mama," alisema Mama Clotilde. "Mbele ya samedi." Zilibaki siku nne kufika Jumamosi.

Mimi nililikunja shuka lile peke yangu. Halikukaa sawa.

Katika chuo cha uuguzi, kazi yangu ya mwisho ilikuwa juu ya mashuka. Watu walicheka kidogo nilipotaja kichwa chake. Wenzangu waliandika juu ya malaria na sukari, mimi niliandika juu ya kile ambacho mgonjwa analala juu yake. Niliandika kwamba maji yakikatika siku nne, shuka linafuliwa nusu. Kwamba machela ya ambulansi inabeba mwenye upele asubuhi na mwenye kidonda mchana. Kwamba kuna mashuka ya karatasi, yenye nailoni nyembamba chini, yanayotumika mara moja na kuchomwa. Nilipoajiriwa, Daktari Adalbert, mkurugenzi wetu, alikuwa ameisoma. Mwezi wa nne makatoni yalifika, na kwa kuanza tukatia karatasi kwenye ambulansi tu.

Na ilisaidia. Sitaki kusema uongo juu ya hilo. Miezi miwili hatukuona upele uliotoka kwenye machela. Karatasi haikufanya kosa lolote.

Mimi ndiye niliyeandika amri iliyobandikwa ndani ya mlango wa ambulansi, kwa herufi zangu za duara: kila kitu kilicholaliwa na mgonjwa kiingie katika mfuko wa manjano. Kila kitu. Nilifikiri juu ya damu, mate, vidudu. Sikufikiri kwamba hakuna mtu katika mji huu atakayekubali kumlaza mama yake juu ya karatasi tupu. Wanatandika kikwembe juu yake. Niliwaona wakitandika, wiki hadi wiki, nami nikawa navuta kikwembe pembeni na kukishusha kwa Mama Clotilde, bila kubadili ile amri ya mlangoni.

Ijumaa tulimchukua Mama Jeanne kwao Naviundu. Moyo wake ulikuwa umechoka, na miguu yake ilikuwa imevimba mpaka magotini. Kasonde, dereva wetu, na vijana wawili wa jirani waliisogeza machela mpaka mlangoni. Nilifungua karatasi mpya, ikapiga kelele yake ile.

"Ni karatasi?" Christiane aliuliza. "Mama yangu mutamulalisha ku karatasi? Sawa beignet, mandazi ya njiani?"

"Beignet ya docteur, mama," Kasonde akamjibu. "Hii haina mafuta."

Hata mgonjwa alicheka, pumzi kidogo tu, kwa puani. Christiane alifungua kikwembe cha miavuli kiunoni mwa mama yake, akakitandika juu ya karatasi na kukilainisha kwa viganja mpaka kwenye pembe. Ndipo tukamlaza.

Alifariki saa moja baada ya kufika. Binti yake alikuwa amesimama kwenye dirisha la mapokezi akijaza fomu. Mimi nilirudi kwenye ambulansi kusafisha machela, maana kulikuwa na mwito mwingine kutoka uwanja wa ndege wa Luano, mgonjwa aliyeshuka kwa ndege. Tulifundishwa hivi: usitikise. Anza pembezoni, viringisha kuelekea katikati, kila kilichoguswa kibaki ndani. Peleka mbali na nguo zako. Tia mfukoni, funga fundo.

Kila ninapofika hapo katika kukumbuka, naruka. Naona mfuko umekwisha kufungwa.

Jumanne ile mchana nilikwenda nyuma ya jikoni, kwenye tanuru la kuchomea takataka. Linawashwa Jumamosi. Nilifungua mlango wa chuma. Kulikuwa na majivu, chupa ndogo za dawa zilizoyeyuka zikashikana, na waya. Niliyachokoa kwa kijiti. Nilingoja nihisi kitu. Nilisikia baridi ya kijiti mkononi, na mpishi akiimba, na hakuna zaidi. Nilifunga mlango. Nilinawa mikono mara mbili kwa sabuni, kama baada ya kidonda chochote.

Saa ya kula nilikula bukari, ugali wetu, na mboga ya lenga-lenga. Ilikuwa kitu cha moto, halafu kitu cha kijani. Nilimaliza sahani.

Kasonde alikuwa anaosha ambulansi kwa ndoo.

"Docta," aliniita, anavyopenda kunitania, "banasema Mama Clotilde ataenda kanisa dimanche na ma-parapluie kiunoni."

"Nani anasema?"

"Bale wa wodi. Banacheka tu." Alikamua kitambaa. Hakuwa anacheka yeye. "Miye niko dereva, naangaliaka njia. Nyuma kule ni kwako. Ulifunga mufuko weye. Uliiona ile kikwembe ndani?"

"Sijui."

"Sijui ya kweli, ao sijui ya kuniambia niende?"

Nilichukua katoni ya karatasi nikaingia nayo ndani.

Jumatano asubuhi hatukukunja. Mama Clotilde alikuwa ameshusha mashuka yote kutoka kabatini na kuyapanga juu ya meza kubwa. Alikuwa amevaa miwani yake, ile yenye mkono uliofungwa kwa uzi.

"Nilifikiri usiku mzima," alisema. "Kikwembe inaweza kunasa ndani ya drap. Inaingiaka, unakunja nayo, hauione. Ilinifikiaga mara moja, na soksi."

"Mama, kikwembe ni kikubwa."

"Njo maana tutaipata vizuri. Shika."

Nikashika. Tulikunjua mashuka arobaini na moja. Kwa kila moja tulirudi nyuma, tukalinyoosha katika mwanga wa dirisha, naye akalitazama kutoka ncha mpaka ncha, kwa uaminifu, kama kwamba bluu inaweza kujificha katika nyeupe. Halafu tulilikunja tena. Vidole vyangu vilikutana na vyake mara baada ya mara, na kila vilipokutana nilikuwa na sekunde moja ya kusema. Uso wake ulikuwa karibu na wangu kiasi cha kusikia harufu ya munkoyo aliokunywa. Nilihesabu sekunde hizo mpaka kumi na kitu, kisha nikaacha. Mashuka yalikuwa meupe, tukayakunja, yakawa meupe na yamekunjwa.

Baada ya shuka la mwisho alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Basi haikunasa," alisema.

"Hapana, mama."

"Labda niliipa mutu mwengine. Macho yangu si ya zamani." Alitoa miwani akaifuta kwa pindo la blauzi. "Muzee anaanzaka hivi. Anapoteza kitu ya bantu, halafu anapoteza kazi, halafu anapoteza njia ya nyumba."

Alicheka mwenyewe. Mimi pia nilitoa sauti fulani.

Alhamisi Daktari Adalbert alituita sote wawili. Si mtu mbaya. Alisimama kumpa Mama Clotilde kiti, akabaki amesimama yeye.

"Mama, familia ya Mama Jeanne balirudi tena jana mangaribi. Miye sisemi umeiba. Batu njo banasema. Miye nasema tu, kitu inaingia kwako na haitoke."

"Haijatoka, ni kweli, docteur."

"Unaona. Nimefikiri. Tukitia jetable, ile ya karatasi, ku bitanda yote, hii maneno inaisha. Inatumika, inachomwa, c'est fini. Chumba ya kufulia tunaifunga." Alishusha sauti. "Lundi nitaamua. Lakini sitapenda uende na jina mubaya, mama. Mutafute vizuri."

Mama Clotilde alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi, kama mtu anayesikiliza maelezo ya njia.

"Estelle," daktari akanigeukia. "Hii mambo ni weye uliisomea. Unasema nini?"

Ulimi wangu ulikuwa mdomoni, mahali pake. Niliona saa ukutani, kalenda, mkono wa daktari ukichezesha kofia ya kalamu.

"Nitaandika, docteur," nikasema.

"Muzuri. Uandike."

Jioni ile niliandika. Kurasa mbili, juu ya maji, upele, na karatasi inayochanika mgonjwa mzito akiinuliwa kwa pembe nne. Ilikuwa kazi nzuri, na hapakuwa na uongo ndani yake. Nilisoma tena nikaona hapakuwa na mtu ndani yake pia. Niliiacha kwenye begi.

Usingizi ulikuja bila shida. Hilo nalikumbuka. Nilitarajia usinijie, ukaja.

Ijumaa, wakati wa kutoka, Mama Clotilde alinisubiri kwenye geti.

"Kesho naenda Naviundu, ku matanga," alisema. "Nilisemaka mbele ya samedi, basi sharti nifike, hata na mikono mitupu. Unisindikize, mwanangu. Weye unajua kusema na bantu."

Sijui alipata wapi wazo hilo. Nadhani kwake, mtu aliyesoma ni mtu anayejua kusema.

"Utawaambia nini, mama?"

"Nitasema niliipoteza. Niseme nini tena?"

Tulikwenda asubuhi. Alivaa nguo ya kanisani, iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Alibeba sukari na majani ya chai katika mfuko. Njia ya kwenda chini mtoni ilikuwa na vumbi jekundu, na kulikuwa na baridi hata juani. Hakusema lolote juu ya kwaya. Nilitembea hatua moja nyuma yake nikitazama visigino vyake, vilivyopauka kwa javeli, na nikatengeneza sentensi yangu. Niliitengeneza vizuri. Ilisema kwamba kwa mujibu wa utaratibu wa usafi, kitambaa kilikuwa kimeviringishwa ndani ya karatasi bila kuonekana, na kwamba hakuna mtu wa kulaumiwa. Niliirudia mara nyingi. Ilikuwa imekunjwa sawa, pembe kwa pembe.

Uani kulikuwa na wanawake wapatao kumi na watano kwenye mikeka. Katikati walikuwa wameweka nguo za Mama Jeanne, zimefunguliwa ili kila mtu azione: blauzi, vikwembe vya kanisa, sweta la kahawia, viatu viwili vya mpira. Shangazi mmoja alikuwa anagawa. Aliinua, akataja jina, akatoa. Sweta lilikwenda kwa jirani aliyempikia mgonjwa. Viatu vilikwenda kwa dada yake. Christiane alikuwa amekaa ameegemea ukuta, miguu imenyooshwa, mikononi hana kitu. Walipotuona, shangazi alisimamisha mkono.

"Ni mama wa lopitali," mtu alisema. "Ule wa kufula."

"Analeta?"

"Sioni kitu ku mukono."

"Itakuwa iko kiunoni," akasema mwingine, si kwa sauti ndogo, na wawili watatu wakaguna.

Mama Clotilde alisikia. Aliweka sukari na majani chini, pembeni ya mkeka. Akavua viatu. Akapiga magoti, goti moja kwanza, halafu la pili, akijishika kwa mkono, maana magoti yake hayapendi baridi.

"Bamama, poleni na musiba," alisema. "Mama Christiane, nakuya mbele yako. Miye njo niko na chumba ya kufulia. Miaka kumi na kenda kitu ya mutu haijapotea kwangu. Sasa hii ya mama yenu imepotea mu mikono yangu. Sijue ilipita wapi. Nakuya kuomba…"

"Hapana," nilisema.

Hakuna aliyesikia. Mwanamke mmoja alikuwa anakohoa, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma, kwenye kivuli cha ukuta wa jikoni. Mama Clotilde aliendelea kuomba. Niliona uzi kwenye mkono wa miwani yake, ule aliofunga mwenyewe, mwekundu, uzi wa wodi ya wanawake.

"Hapana, mama. Haikufika mu mikono yako."

Safari hii waligeuka wote. Mama Clotilde pia aligeuka, bado amepiga magoti, na uso wake haukuwa na swali. Alinitazama tu, kama anavyonitazama shuka likiwa limenyooka kati yetu, akingoja nisogee.

Nikasogea. Nilipita kati ya mikeka mpaka nikafika mbele ya Christiane, na nikakaa chini.

"Ni miye," nikasema. "Miye Estelle, infirmière wa ambulansi. Kikwembe ya mama yako niliitia mu mufuko ya manjano, pamoja na karatasi. Balichoma samedi. Mama Clotilde hakuiona hata siku moja."

Shangazi alikuwa bado ameshika blauzi hewani.

Christiane alinitazama. Mkono wake ulikuwa juu ya tumbo, nao ulipanda na kushuka.

"Ilikuwa ndani ya karatasi," alisema polepole, kama anayenisaidia. "Haukuiona."

Ilikuwa sentensi yangu yenyewe. Alikuwa ananipa mkononi, imekunjwa tayari, na nilichotakiwa ni kuipokea.

"Niliiona," nikasema. "Niliona parapluie moja, ya mweupe, karibu na kidole yangu. Nilijua ni ya mama yako. Na mikono yangu haikusimama."